Resista: omu ni nusu tu ya habari

Anayenunua resista, kifaa cha kukinza mkondo wa umeme, kwa kutaja peke yake omu, yaani kipimo cha ukinzani huo, ametaja nusu ya anachohitaji. Resista mbili za omu 100 zinaweza kulingana kabisa mbele ya multimita (kipimo cha volti, mkondo na omu), moja ikadumu miaka ndani ya saketi na nyingine ikatoa moshi baada ya dakika mbili. Kinachozitenganisha ni wati, volti zinazoweza kustahimili, jinsi thamani inavyoyumba joto likipanda, na malighafi iliyozitengeneza. Aina za resista ni nyingi kwa sababu hiyohiyo: kila moja imeziba udhaifu fulani wa nyingine, na hakuna inayofaa kila mahali.

Omu, volti na joto

Kazi ya resista ni kukinza mkondo wa umeme. Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na hadi leo hesabu za saketi zinaanzia hapo: volti zilizopo kati ya ncha mbili za resista ni mkondo mara ukinzani. Ukizijua mbili, ya tatu haifichiki. Hiyo wengi wanaikumbuka. Inayosahaulika ni ya pili: nishati inayobaki kwenye resista hugeuka joto, na kiasi chake kwa wati ni volti za kwenye resista zikizidishwa kwa zenyewe, kisha zikagawanywa kwa omu.

Chukua taa ndogo ya LED nyekundu inayowashwa kwa volti 12. LED yenyewe inachukua kama volti 2, kwa hiyo resista inabeba 10. Ukitaka mkondo wa miliampea 15, gawanya 10 kwa 0.015 upate omu 667. Thamani hiyo si ya kawaida sokoni. Iliyo jirani ni omu 680, na mkondo unashuka hadi miliampea 14.7, tofauti ambayo jicho halitaiona. Joto ni 10 × 10 ÷ 680, yaani wati 0.15. Resista ya robo wati inaonekana kutosha. Sasa ipeleke taa hiyohiyo kwenye gari. Injini ikiwaka, mfumo unaoitwa wa volti 12 hupanda hadi karibu 14.4, resista inabeba 12.4, na joto linafika wati 0.23. Robo wati imefika ukingoni, tena ndani ya dashibodi iliyokwisha kupata moto wa jua. Hapo weka ya nusu wati.

Wati anazozitaja mtengenezaji zina sharti. Kwa resista nyingi za kawaida, uwezo ni kamili mpaka joto la mazingira lifike nyuzi 70 za Selsiasi. Kutoka hapo unapungua hatua kwa hatua hadi sifuri, mara nyingi kwenye nyuzi 155. Na mazingira hapa ni hewa iliyo ndani ya kasha la kifaa, si ya chumbani. Ndiyo maana mafundi wazoefu huipa resista nusu ya wati zake na kuishia hapo. Resista ya wati 1 inayobeba wati 1 kamili haifi siku hiyo, lakini mwili wake unapita nyuzi 100, unakausha kapasita (vihifadhi chaji) zilizo jirani, unaigeuza bodi kuwa kahawia, na mwisho unalegeza risasi iliyoshika miguu yake mwenyewe. Kuanzia wati 1 kwenda juu, inyanyue milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye bodi ili hewa ipite chini yake. Bodi iliyokwisha kuungua ikwanguliwe hadi weusi wote utoke, maana makaa hayo hupitisha umeme na yanaweza kuzua hitilafu nyingine isiyoonekana kwa macho.

Ukikosa wati za kutosha, unganisha. Omu za mfululizo hujumlishwa. Za sambamba, zikiwa sawa, hugawanywa kwa idadi ya resista. Chukua resista nne za omu 100, kila moja robo wati. Zifunge mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili ziweke sambamba. Unarudi kwenye omu 100 zilezile, ila sasa mzigo umegawanyika sawasawa na jumla inabeba wati 1.

Mtego wa kugawa volti

Resista mbili za mfululizo hugawa volti kwa uwiano wa omu zake. Ukiweka mbili za kiloomu 10 kwenye betri ya volti 9, katikati unapata 4.5. Multimita itathibitisha hivyo, na hapo ndipo anayeanza anafurahi na kufunga redio ndogo au mota kwenye sehemu ile ya katikati. Haiwaki.

Mzigo nao ni resista. Ukiwa na ukinzani wa kiloomu 1, unakaa sambamba na ile kiloomu 10 ya chini na kuishusha hadi omu 909. Uwiano umevurugika: katikati sasa kuna volti 0.75 tu. Kigawa volti ni cha kupeleka taarifa, yaani volti ya kupimwa na saketi isiyovuta mkondo wa maana, kama ingizo la kidhibiti kidogo (kompyuta ya chipu moja) au la ampilifaya. Kama kanuni ya kukadiria, mkondo unaopita kwenye kigawa uwe angalau mara kumi ya ule unaovutwa katikati. Kwa kulisha kifaa, tumia regyuleta, yaani saketi inayoshikilia volti zisibadilike mzigo ukivuta mkondo.

Kwa nini omu 47 na si 50

Orodha ya thamani inawashangaza wengi: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha inaanza tena na 100, 120, 150. Huu ni mfululizo wa E12, thamani kumi na mbili kwa kila hatua ya kumi. Zimepangwa kwa uwiano badala ya tofauti zilizo sawa, kila moja ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia kwa takriban asilimia 20. Sababu ni toleransi, yaani kiasi ambacho thamani halisi inaruhusiwa kupungua au kuzidi ile iliyoandikwa. Kwa toleransi ya asilimia 10, resista ya omu 10 inaweza kufika 11, na ya omu 12 inaweza kushuka hadi 10.8. Mipaka imegusana, hakuna pengo, na hakuna haja ya kutengeneza omu 11. Toleransi ikibana hadi asilimia 5, nafasi inafunguka na mfululizo unakuwa E24, wenye 11, 13, 16, 20, 24, 30, 36, 43, 51, 62, 75 na 91 katikati ya zile za mwanzo. Kwa asilimia 1 kuna E96.

Hesabu ikikupa omu 50, basi, chukua 47 au 51 na uendelee. Saketi iliyochorwa vizuri haitegemei omu tatu za ziada. Ikiwa inazitegemea, mchoro wenyewe utakuambia kwa kudai resista ya asilimia 1 au chini ya hapo.

Kusoma rangi bila kudanganywa nazo

Rangi zina tarakimu: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye resista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri, wa nne ni toleransi: dhahabu asilimia 5, fedha asilimia 10. Manjano, zambarau, nyekundu, dhahabu ni 4, 7, sifuri mbili: omu 4,700, yaani kiloomu 4.7. Dhahabu ikikaa nafasi ya tatu inagawa kwa kumi, na fedha inagawa kwa mia, kwa hiyo manjano, zambarau, dhahabu ni omu 4.7. Mistari mitano huwa na tarakimu tatu kabla ya sifuri, na toleransi yake mara nyingi ni kahawia, asilimia 1. Mstari wa sita, ukiwepo, unaeleza jinsi thamani inavyobadilika kwa kila nyuzi moja ya joto.

Hadi hapo ni rahisi. Taabu ni kujua pa kuanzia. Yenye dhahabu haikupi shida, kwani dhahabu haiwezi kuwa tarakimu ya kwanza. Yenye mistari mitano inaweza kusomeka pande zote mbili na zote zikaleta maana. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni kiloomu 10. Igeuze: kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia ni omu 120. Thamani zote mbili zinauzwa, zote za asilimia 1. Watengenezaji wanatakiwa kuacha nafasi pana zaidi kabla ya mstari wa toleransi, lakini kwenye mwili wa milimita sita tofauti hiyo haionekani kila mara. Tena, juu ya rangi ya buluu iliyokolea, nyekundu, kahawia na chungwa hukaribiana sana, na joto huzidi kuzichafua: nyekundu iliyopikwa miaka mitano inakuwa kahawia kabisa. Pima kabla ya kulehemu, hata kama macho yako unayaamini.

Zile bapa zinazolehemiwa juu ya bodi hazina rangi, zina maandishi. Tarakimu tatu zinasomwa kama mistari: 103 ni 10 na sifuri tatu, kiloomu 10. Hapa kosa la kawaida ni 220, ambayo ni 22 bila sifuri yoyote, yaani omu 22. Omu 220 huandikwa 221. Herufi R husimama badala ya nukta, hivyo 4R7 ni omu 4.7 na R22 ni omu 0.22. Tarakimu nne hufuata mtindo uleule: 1002 ni 100 na sifuri mbili. Ukikutana na tarakimu mbili na herufi, kama 01C au 68X, huo ni mfumo wa asilimia 1 unaohitaji jedwali: 01 inasimamia 100 na C inazidisha kwa mia, kwa hiyo ni kiloomu 10, 68 inasimamia 499 na X inagawa kwa kumi, kwa hiyo ni omu 49.9. Iliyoandikwa 0 au 000 ni daraja tu, kipande cha waya kilichovalishwa umbo la resista ili mashine iweze kukipanga.

Zinavyotengenezwa, na kila moja inashindwa wapi

Za zamani kuliko zote zinazokutwa bado kwenye redio kuukuu ni za kaboni ya kushindiliwa. Unga wa kaboni huchanganywa na udongo na gundi, ukabanwa kuwa kijiti kigumu. Toleransi yake ni asilimia 5 hadi 20, zina kelele nyingi kwenye saketi za sauti, na hunyonya unyevu hadi thamani ikahama bila hata kutumika. Resista hizi zikikaa miongo kadhaa huwa zinapanda. Ya kiloomu 100 kusomeka 130 si ajabu. Hata hivyo hazijatoweka, kwa sababu mwili mzima ndio unaopitisha umeme. Ukiipiga pigo fupi lenye nishati kubwa, joto husambaa kwenye unene wote. Resista ya utando ingekatika.

Utando wa kaboni ndio uliozifuata: kijiti cha kauri kimepakwa safu nyembamba ya kaboni, kisha safu hiyo ikachongwa mfereji wa kuzunguka kama uzi wa skrubu hadi thamani ipatikane. Mwili wake mara nyingi ni wa rangi ya maziwa au kahawia hafifu, toleransi asilimia 5. Ni bei nafuu na zinatosha kwa kazi nyingi za kawaida: taa, swichi, kuvuta ingizo juu au chini, yaani kulishikilia kwenye volti za juu au sifuri. Kasoro yake ni kwamba ukinzani hushuka joto likipanda, kwa mamia ya sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi moja.

Utando wa metali hujengwa vilevile, ila kinachopakwa ni aloi, mara nyingi ya nikeli na kromi. Toleransi ni asilimia 1, na thamani inayumba kwa sehemu 50 hadi 100 tu kwa milioni kwa kila nyuzi. Ikipanda nyuzi 50, ya kiloomu 10 inahama kwa omu 25 hadi 50, basi. Kelele yake ni ndogo, kwa hiyo ndiyo ya kuweka kwenye hatua za mwanzo za ampilifaya, kwenye vipimo, na popote penye marejeo ya volti. Tofauti ya bei kati yake na ya kaboni imeshakuwa ndogo kiasi kwamba, kwa anayejaza kisanduku chake kwa mara ya kwanza, sioni sababu ya kununua za kaboni. Nyingi huwa na mwili wa buluu, lakini usiifanye rangi ya mwili kuwa ushahidi. Wapo wanaopaka watakavyo.

Utando wa oksidi ya metali, kwa kawaida oksidi ya bati, unastahimili joto kubwa zaidi na hauwaki moto kirahisi. Utazikuta za wati 1, 2 na 3 kwenye bodi za kulisha umeme. Ukiiondoa moja ya namna hii na kuweka ya kaboni ya ukubwa uleule wa mwili, umepunguza wati na umeongeza hatari ya moto kwa mkupuo mmoja.

Mkondo ukiwa mkubwa, waya huzungushwa juu ya kauri. Waya wa nikromu hutumika kwa joto, konstantani au manganini kwa usahihi. Zile pande nyeupe za saruji zilizoandikwa 5W 0R22J ni hizi: wati 5, omu 0.22, na J ni asilimia 5 (K ni 10, G ni 2, F ni 1). Zenye kasha la alumini hufungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoza, na wati zilizoandikwa juu yake zinahesabu bati hilo. Bila bati, ile ya wati 50 hushuka hadi chini ya nusu. Udhaifu wa resista ya waya ni kwamba imekuwa koili pasipo kukusudia. Kwenye umeme wa betri au wa gridi hilo halisumbui, lakini kwenye saketi inayowasha na kuzima mara laki moja kwa sekunde, uindaktansi, yaani tabia ya koili kupinga mkondo usibadilike ghafla, huzua miiba ya volti inayoua transista (swichi za kielektroniki). Wapo wanaouza za waya uliozungushwa mara mbili kwa mwelekeo kinyume ili sumaku zifutane. Ziulizie kwa sifa hiyo, maana kwa sura hazitofautiani.

Resista bapa za kwenye bodi nyingi ni za utando mnene: rojo yenye oksidi ya rutheni inachapwa juu ya kibapa cha kauri na kuchomwa. Wati hufuata ukubwa. Ile inayoitwa 0603 ni sehemu ya kumi ya wati, 0805 ni ya nane, 1206 ni robo. Namba hizo ni urefu na upana kwa sehemu za mia za inchi, hivyo 0805 ina takriban milimita 2.0 kwa 1.25. Adui yake ni bodi kupinda: kibapa cha kauri hupata ufa mwembamba chini ya mguu, na kifaa kinafanya kazi ukikibonyeza, kinazima ukikiachia. Zipo pia za utando mwembamba, za asilimia 0.1, kwa ala za kupimia.

Kupima mkondo mkubwa hutumia resista ya omu chache sana, shanti. Ya omu 0.01 ikipitisha ampea 10 inatoa volti 0.1 na joto la wati 1. Kwa ukinzani mdogo namna hiyo, risasi na njia za shaba za bodi zinaweza kuwa na omu nyingi kuliko shanti yenyewe. Waya za kupimia zichukuliwe moja kwa moja kwenye miguu ya shanti, tofauti na zile zinazoleta mkondo.

Kikomo cha volti

Hili halikaguliwi na wengi, nalo ndilo linaloeleza vifo vingi vya ajabu. Resista ina kikomo cha volti kisichohusiana na wati. Ya robo wati yenye miguu kwa kawaida ina kikomo cha volti 200 hadi 250. Bapa ya 0805 ni 150.

Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa na dayodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na kulainishwa na kapasita, unakuwa volti 325. Weka hapo resista ya megaomu 1 ya robo wati ili kuimaliza chaji ya kapasita kifaa kikizimwa. Joto ni wati 0.1, si hata nusu ya uwezo. Kila hesabu inasema sawa, lakini volti zimepita kikomo, na utando unaliwa polepole hadi ukinzani unapaa au njia inakatika kabisa. Hakuna moshi wala alama. Dawa ni mbili za kiloomu 470 kwa mfululizo, kila moja ikibeba volti 163. Ukiona kwenye bodi resista mbili au tatu zilizofuatana bila sababu ya wazi, mara nyingi ndiyo sababu, na usizibadilishe kwa moja.

Zinazobadilika

Potenshiomita ina njia ya ukinzani na kitelezi kinachotembea juu yake. Miguu miwili ya pembeni ni ncha za njia, wa katikati ni kitelezi. Ya sauti hutakiwa kupanda kwa mwendo wa logi, kwa vile sikio halisikii kwa mstari ulionyooka. Ukiweka ya mstari, sauti yote inarundikana kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Nyingi huandikwa B kwa mstari na A kwa logi, lakini baadhi ya vifaa vya zamani vya Ulaya vina A kwa maana ya mstari. Weka kitelezi katikati upime: ya mstari itasoma karibu nusu, ya logi karibu asilimia 10 hadi 20. Ukiitumia kama resista ya miguu miwili, unganisha mguu uliobaki na kitelezi. Siku kitelezi kitakaponyanyuka kwa vumbi, saketi itabaki na ukinzani wote badala ya kukatika ghafla.

Thamista ni resista zinazobadilika kwa joto. Za NTC hushusha ukinzani zikipata joto. Ile ya kupimia yenye kiloomu 10 kwenye nyuzi 25 na kigezo B, kinachoeleza kasi ya kushuka, cha 3950 inashuka hadi takriban kiloomu 3.6 kwenye nyuzi 50. Ndugu yake mnene, kwa mfano 5D-9, yaani omu 5 ikiwa baridi na kipenyo cha milimita 9, hukaa mwanzoni mwa pawa saplai kuzuia mkondo mkali wa kujaza kapasita. Baada ya sekunde chache inapata moto, omu zake zinashuka, na umeme unapita bila hasara kubwa. Ukizima na kuwasha papo hapo, bado ina moto na haikingi chochote. Fyuzi zinazokatika wakati wa umeme kuzimika na kurudi haraka zina habari hiyo nyuma yake. PTC ni kinyume: hupandisha ukinzani, na hutumika kama fyuzi inayojirudi yenyewe.

Varista ya oksidi ya zinki imelala mpaka volti zifike kiwango chake, kisha inafunguka na kula pigo. 14D471 ni sahani ya milimita 14 inayoanza kupitisha miliampea 1 kwenye volti 470. Kila pigo linaichakaza, na mwisho hushoti, yaani hupitisha umeme moja kwa moja bila kuukinza, kwa hiyo mahali pake ni baada ya fyuzi, si kabla. Resista ya mwanga, ya salfaidi ya kadimi, hushuka kutoka megaomu gizani hadi mamia ya omu juani, ila ni nzito kuitika: huchukua makumi ya milisekunde au zaidi.

Kupima na kubadilisha

Zima kifaa, chomoa, kisha maliza chaji ya kapasita kubwa. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo. Tumia resista ya waya ya kiloomu 2.2, wati 5, iliyofungwa kwenye waya zenye ganda zuri. Kapasita ya mikrofaradi 100 itaisha kwa takriban sekunde moja. Hakikisha kwa voltimita.

Resista ikiwa bado kwenye bodi, vifaa vilivyo sambamba nayo vinaweza tu kupunguza kile multimita inachosoma. Kwa hiyo ikisoma chini ya thamani yake, hujajua kitu. Nyanyua mguu mmoja upime tena. Ikisoma juu ya thamani yake, na namba imetulia, imekufa au iko njiani kufa, na huhitaji kuitoa ili kujua. Namba inayopanda polepole ni kapasita inayojaa kwa betri ya multimita, isubiri. Kwa megaomu, usishike ncha zote mbili kwa vidole, maana mwili wako nao utapimwa. Kwa omu chini ya 5, gusanisha kwanza waya za multimita, ambazo peke yake husoma omu 0.2 hadi 0.5, kisha utoe kiasi hicho.

Resista za utando zikifa, hukatika au hupanda. Kushoti ni nadra mno. Anzia na zenye omu nyingi zilizo kwenye volti kubwa: zile za kiloomu 330 au 470 zinazoamsha saketi ya pawa saplai hufa zikiwa safi kama mpya, na kifaa kinabaki kimya kabisa. Iliyoungua hadi rangi zikapotea, kwa upande mwingine, kwa kawaida ni majeruhi. Omu 0.22 iliyokatika kwenye mguu wa transista ya kuwashia inakuambia transista yenyewe imeshoti. Ukibadilisha resista pekee, unaiua ya pili.

Angalia pia kama ile ya awali ilikuwa ya fyuzi. Pale umeme unapoingia kwenye chaja nyingi kuna resista ya omu chache, mara nyingi omu 10 ya wati 1, iliyotengenezwa ikatike bila kuwaka moto mkondo ukizidi. Mchoro wake huweka alama ya fyuzi au neno la usalama. Irudishie ya aina hiyohiyo. Ya kaboni itawaka, na ya waya ya wati 5 itavumilia muda mrefu wakati kitu kingine ndicho kinachoungua.

Kabla ya kukiwasha moja kwa moja, pitisha umeme kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyowekwa mfululizo na kifaa. Ikimulika mara moja na kufifia, kapasita imejaa na njia ni safi. Ikibaki na mwanga mkali, shoti bado ipo: chomoa, maliza chaji tena, na uanze na dayodi za kunyooshea na ile transista kabla ya kugusa resista nyingine yoyote.